Bendera Dirishani mwa Iracema

Katika mtaa alioishi Iracema bendera ya taifa ilikuwa imegeuka alama ya chama kimoja, na siku ya duru ya pili ya uchaguzi kila nyumba iliitundika isipokuwa ya kwake. Mchana Valdomiro, jirani yake na baba wa ubatizo wa mwanawe Jurandir, alibisha hodi akiwa na bendera mpya. Nyuma yake walisimama wanaume watatu na ngazi.

"Dada, tumekuja kukupunguzia kazi."

"Nani kawaambia nina kazi?"

"Mtaa mzima unauliza. Mimi nakutetea, lakini nitakutetea mpaka lini?" Alitabasamu. "Na mwanao yuko wapi? Bado anawalindia kura wale wekundu wa chama pinzani?"

Iracema alitazama barabarani. Jurandir angeweza kutokea wakati wowote, na fulana yake nyekundu mwilini.

"Haya, tundikeni," alisema. "Ila msinivunjie kioo."

Walikuwa wanapigilia msumari wa mwisho Jurandir alipofika getini. Aliitazama bendera, kisha mama yake.

"Wamekulazimisha?"

Iracema alijua kwamba akisema ndiyo, kijana atawavaa watu wanne peke yake.

"Nimeitaka mwenyewe. Ingia ndani, maharage yanapoa."

"Humo siingii, mama. Kaa na wenzako."

Akageuka, akashika njia ya mtoni. Iracema alimwita. Valdomiro alimpa pole kwa sauti ya upole, akawakonyeza wenzake. Wakaiacha ngazi ukutani, wakamfuata kijana taratibu, mmoja wao akiwa bado na nyundo mkononi.