Ng'ombe Wangu na Sarafu Iliyoumizwa

Kwetu Tsolo mkamwana haingii zizini. Mambo mazito wanaume huyaongelea humo humo, juu ya samadi kavu, wakijua hakuna mke wa mtu atakayetia pua. Sheria hiyo sikuwahi kuilalamikia. Mimi na samadi hatuna undugu.

Lakini Ntsundu ni ng'ombe wangu. Baba yangu alinipa siku nilipoolewa, na ng'ombe wa namna hiyo hauzwi wala hachinjwi. Mwenyewe nikifukuzwa, naye anaondoka. Nywele za mkia wake nimezisuka, nazivaa shingoni. Anayemgusa amenigusa.

Asubuhi ile nilikuwa nakoroga kande, mama mkwe akaingia jikoni na kufunga mlango.

"Mwanangu, usipige kelele. Mzee anambadilisha Ntsundu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa sarafu ya randi tano."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ina kosa la kiwandani, wanasema. Maandishi yake yamegeuka. Kuna kijana wa Mthatha anasema Johannesburg wanainunua kwa bei ya nyumba."

"Kama ni bei ya nyumba, mbona anaitoa kwa ng'ombe mmoja?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi mdomo umeshachoka tangu jana."

Kamuulize mwenyewe! Mwanamke yule alijua vizuri kwamba wanaume wamekaa zizini.

Damu ilinichemka kwa sababu hii. Baba yangu alikuwa fundi wa vibanda vya simu kule East London, na mshahara wake aliuomba kwa sarafu ili jioni tuzimwage mezani tuzichungulie kwa kioo cha kukuzia. Swali lake lilikuwa moja tu: imezaliwa hivi, au imeumizwa? Kosa la kweli sarafu hutoka nalo kiwandani. Mengine yote ni majeraha ya huku nje, na mwenye jeraha hana bei. Maisha yake yote, alizopata za kweli hazikujaza kiganja. Hizo ndizo aliziuza akamnunua Ntsundu. Leo mtu anataka kuondoka naye kwa kitu ambacho huenda ni jeraha tu.

Nikajitanda shuka mabegani na kufunga kitambaa vizuri kichwani, kama mkamwana mwenye adabu zake. Kisha nikaondoa miti ya lango la zizi, nikaingia.

Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye gogo. Jina lake mkamwana halitaji, nami sitalitaja, hata nikiwa na hasira. Kando yake alisimama yule kijana, Ludwe, viatu vyake vya kung'aa vimeshaanza kuonja samadi. Jirani yetu mzee Gcobani alikuwa shahidi.

"Mkwe," baba mkwe akasema polepole, "umepotea njia?"

"Hapana, Tata. Nimekuja kumsalimu mgeni wa ng'ombe wangu."

"Toka."

"Nitatoka. Nionyeshwe sarafu kwanza."

Ludwe akatabasamu. "Dada, hii si ya kununulia vitunguu."

"Basi nipe niijue, nisije nikanunulia vitunguu."

Mzee Gcobani akacheka, na kicheko chake ndicho kilichomfanya Ludwe aitoe.

Upande wenye ngao ya taifa ulikuwa na herufi zilizozama ndani, zinasomeka kinyumenyume. Kosa kama hilo lipo kweli. Sarafu iliyotangulia ikinata kwenye mashine, inayofuata hupigwa juu yake na kubeba sura yake kinyume. Lakini inayofuata huwa tupu, haijapata sura yoyote. Hii ilikuwa na ngao yake yenyewe, imebondeka, na herufi za mwenzake zimekaa juu. Nikaigeuza. Nyumbu wa upande wa pili, ambaye angepaswa kusimama wima na nywele zake, alikuwa bapa, pua imelala.

"Tata, hii imeumizwa. Zimebanwa mbili pamoja."

"Unajua nini wewe?" Ludwe akadakia. "Umesomea wapi?"

"Mezani kwa baba yangu. Wewe umeibania wapi?"

Baba mkwe akainuka. "Inatosha. Unanivua nguo ndani ya zizi la baba zangu. Ng'ombe anaondoka, na ukiongeza neno utamfuata."

Niliogopa, sitadanganya. Mume wangu yuko migodini Rustenburg, na watoto wa nyumba hii hawafuati mama. Lakini mguu ulishaingia, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Nisubirini," nikasema, nikatoka na ile sarafu kiganjani.

"Mali yangu!" Ludwe akapiga kelele.

Bandani kuna jiliwa la mume wangu, la kubania vyuma vya plau. Nikapachika randi tano mbili za kwangu, uso kwa uso, nikavisha mkono wa jiliwa kipande cha bomba na kuulalia kwa uzito wangu wote. Kisha nikachukua nyundo, nikaigonga taya ya jiliwa mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipozibandua nikachagua moja na kuichora ukingoni kwa tupa, alama ndogo tu. Nikarudi zizini. Nilikuwa nimeshavunja sheria. Kuivunja tena hakukunipunguzia usingizi.

Nikaziweka mbili, ya Ludwe na yangu, kwenye kiganja cha baba mkwe.

"Ludwe, chukua yako."

Baba mkwe akazigeuza, akazigeuza tena, akamtazama kijana. Ludwe akachukua moja haraka, kama anayejua.

"Hiyo ni yangu," nikasema. "Ina alama ya tupa ukingoni. Nimeipika sasa hivi bandani."

Mzee Gcobani akamnyang'anya na kupitisha ukucha ukingoni. Alama akaipata. Ludwe akatoka zizini bila kungoja hata sarafu yake. Tukasikia pikapu yake ikiwaka.

Baba mkwe akakohoa na kujikaza uso.

"Mkamwana kaingia zizini. Faini ni kondoo."

Aibu ilikuwa ya nyumba nzima, si yake peke yake, hilo nililiona. Lakini alikuwa tayari kunifukuza mimi kabla ya kuiachia ile sarafu, na hilo nililiona pia. Nikaichukua sarafu yangu kwa mzee Gcobani, nikaiweka kiganjani mwa baba mkwe kwa mikono miwili, nikipiga goti kama inavyopasa.

"Faini hii hapa, Tata. Kwa bei uliyoikubali asubuhi, ni ng'ombe mzima. Toa kondoo wako, unirudishie chenji."

Kisha nikatoka kwa lango lile lile, bila haraka, nikarudisha miti mahali pake. Ntsundu alibaki ndani akicheua.