Nusu ya Mfupa wa Kuruta

Mama Tindikali hakupewa jina hilo kwa ukali wa mdomo, ingawa mdomo nao alikuwa nao. Alipewa kwa kazi. Miaka ishirini na sita alikuwa akilainisha mifupa ya watu katika maabara ya hospitali, chumba chenye sinki mbili, feni mbovu na dirisha linalotazama kwa wafua mashuka. Mfupa mgumu haukatiki kwa kisu cha maabara. Kwanza unalowekwa kwenye tindikali mpaka chokaa itoke, ndipo unakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, unapakwa rangi, na daktari anautazama kwenye hadubini. Ukiutoa mapema, kisu kinavunjika. Ukiuchelewesha, seli zinafifia, na hapo hata aje bingwa wa mabingwa hataona kitu. Ili ajue umefikia wapi, Mama Tindikali aliuchoma kwa sindano ya kushonea kila baada ya saa moja. Wenzake walimcheka, eti anapika maharage. Wacheke tu, alisema, meno ni yao.

Alikuwa na tabia nyingine iliyowaudhi zaidi. Hata siku moja hakuweka mfupa mzima kwenye tindikali. Aliukata katikati, nusu akaifanyia kazi, nusu akairudisha kwenye chupa ya fomalini yenye lebo, kabati la chini. Wakubwa walilalamika kwamba anajaza kabati. Yeye alijibu kwamba hilo kabati wakilitaka waje walisafishe wenyewe. Hakuna aliyekuja.

Basi, Jumatatu moja kikaletwa kipande kutoka kwenye muundi wa binti wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akisomea ulinzi katika chuo cha walinzi. Wodini wote walimwita Kuruta. Picha ya eksirei ilionyesha kitu kama wingu limeukumbatia mfupa chini ya goti, na daktari wa upasuaji hakuipenda picha hiyo hata kidogo. Daktari huyo walimwita Chapchap, mtu mrefu aliyezaliwa na haraka zake, lakini mkono wake kwenye kisu haukuwa na mfano. Akapiga simu maabara.

"Mama, jibu nalitaka Alhamisi. Kama ni kansa, mguu unatoka Jumanne ijayo."

"Nipe siku tano, Dokta. Huu ni mfupa, siyo mkate."

"Siku tano sina. Tumia tindikali kali."

Tindikali kali ipo, na inafanya kwa saa chache kile ambacho ile nyepesi inafanya kwa siku. Ila haisamehe. Mama Tindikali akanung'unika, akaitumia, akapanga kutoa mfupa saa tisa alasiri. Saa nane wakaitwa kwenye kikao cha wafanyakazi.

Ajenda ilikuwa moja: nani anamaliza sukari ya chai. Nakuambia, watu wazima, wengine wajukuu wanao, walikaa wakapima vijiko. Na Mama Tindikali aliyesema anakwenda kusikiliza tu, akasimama kuchangia mara mbili, maana ushahidi alikuwa nao. Walipotoka ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Akakimbia maabara na makubazi mkononi. Sindano ikazama kwenye mfupa kama kwenye ndizi mbivu.

Alijua papo hapo. Akanyamaza. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko jingine lolote, kwamba alinyamaza. Akaendelea na nta, akakata, akapaka rangi. Viini vya seli vilivyotakiwa kushika buluu havikushika, slaidi nzima ikatoka waridi tupu.

Daktari wa maabara, mzee mpole mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja utosini, aliitazama Jumatano yote. "Kipande kibovu hiki," alisema. "Naona gegedu changa, naona mfupa mchanga, na mpangilio siuoni. Fomu inasema hajawahi kuumia. Sasa hii gegedu imetoka wapi kwenye muundi?" Mama Tindikali alikuwa anaosha chupa ambayo ilikuwa safi tayari. Mzee akaandika kwamba seli zimefifia, kwamba hawezi kuwa na hakika, kwamba inashukiwa kuwa saratani ya mfupa. Katika maneno hayo yote, Chapchap alisoma la mwisho.

Alhamisi mchana Mama Tindikali alikwenda wodini kuchukua vipimo vingine. Kwenye benchi la korido alikaa mwanamke mwembamba na karatasi mapajani. Alipoona koti jeupe akainuka.

"Samahani, dada. Hapa naandika jina langu au la mtoto?"

Ilikuwa fomu ya idhini ya kukata mguu wa Kuruta. Mwanamke alikuwa ameshaandika herufi tatu, kubwa kubwa, za mtu ambaye kalamu haijui sana, halafu akasita.

Mama Tindikali akaifunika fomu kwa kiganja. "Usiandike kitu," akasema. "Kaa hapo hapo, dada yangu. Mtu yeyote akikuuliza, mwambie kalamu imeisha wino."

Akaingia wodini moja kwa moja. Kuruta alikuwa amekaa kitandani, mgongo wima utadhani yuko gwaride, akitazama ukuta.

"Mwanangu, mguu huu uliumia lini?"

"Haujaumia."

"Hata kujikwaa?"

"Nimeshaulizwa, mama. Haujaumia."

Mama Tindikali akavuta stuli. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na maneno matamu hakuyajua. "Basi nianze mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekiharibu kipande chako. Nilikiacha kwenye tindikali nikaenda kubishana habari za sukari. Daktari ameandika alivyoandika kwa sababu nilimpa uchafu asome. Hakuna anayelijua hili ila wewe na mimi, na nikitoka hapa nakwenda kulisema. Huenda nikamwaga unga. Sasa niambie na wewe."

Binti akatazama mlango.

"Chuoni wakijua wananirudisha nyumbani."

"Wakijua nini?"

"Anayechechemea wanamtoa. Na mama aliuza cherehani yake ili nisome." Akanyoosha shuka juu ya mguu. "Buti zilikuwa kubwa. Tunaruka na kukimbia kwenye lami kila asubuhi. Wiki ya tatu mguu ukaanza kuuma. Wiki ya tano nikasikia kitu kama kimeachia, hapa. Nikafunga kitambaa, nikajikaza. Sikumwambia mtu."

"Na ukaendelea kuruka?"

"Wiki tatu nyingine."

"Mungu wangu, wewe mtoto!"

Mama Tindikali hakuwa daktari, lakini huwezi kukata mifupa miaka ishirini na sita usijue inavyokua. Mtoto akiwa tumboni, mifupa yake mingi ya mikono na miguu huanza ikiwa gegedu, ile laini inayopindika kama ya sikio. Damu inaingia humo, seli za mfupa zinafuata, zinaila gegedu kidogo kidogo na kujenga mfupa mahali pake. Ukivunjika ukubwani, mfupa unarudi utotoni. Unatengeneza gegedu tena kwenye ufa, unaanza ile kazi upya. Na ukiwa kila siku unautikisa, unaendelea kutengeneza tu, mpaka pale panavimba na picha inaonyesha wingu. Mtu asiyejua kwamba palikuwa na ufa ataona gegedu mahali isipotakiwa, na atafikiria kansa. Ndivyo fomu iliyosema "hajaumia" ilivyotaka kula mguu wa mtu, na slaidi mbovu ikaishikia sahani.

Alimkuta mzee wa maabara akinywa chai. Akamwambia yote akiwa amesimama, bila kujitetea.

"Sukari?" mzee akauliza.

"Sukari, Dokta."

Mzee akaweka kikombe chini. "Na mwenyekiti wa kikao nilikuwa mimi." Akavua miwani yote miwili. "Nusu ya akiba unayo?"

"Ninayo. Na ina ukingo wa nje, ile ya kwanza ilikuwa ya ndani tu."

Wakampigia Chapchap. Alifoka, na alikuwa na haki ya kufoka. Kisha akasema: "Jumanne saa mbili asubuhi chumba cha upasuaji ni changu. Nikiwa na jibu safi kabla ya hapo, nitalisoma. Nisipokuwa nalo, nashauri tukate. Kansa ya mfupa ikishapanda mapafuni, Mama, kabati lako halitamsaidia."

Mama Tindikali akakata ile nusu nyembamba kadiri alivyoweza, akaitia kwenye tindikali nyepesi, akakaa nayo. Ijumaa, sindano ikagoma. Jumamosi ikagoma. Mumewe alimletea chakula kwenye bakuli akamkuta anauchungulia mfupa. "Huyo mgonjwa ni ndugu yetu?" akauliza. "Hapana." "Basi kula." Hakula. Aliogopa, na hakuona haya kusema anaogopa. Tindikali kali ilikuwa pale rafuni, chupa ya kahawia, inamtazama. Tone moja tu lingeharakisha mambo. Akaichukua, akaenda kuifungia ofisini kwa mzee, ufunguo akausukuma chini ya mlango.

Jumapili mchana sindano ikaingia. Iliingia taratibu, kwa ubishi kidogo, vile inavyotakiwa. Jumatatu asubuhi akakata, akapaka rangi, akampa mzee slaidi.

Mzee alitazama. Alisogeza slaidi kulia, kushoto, akarudi kulia. Mama Tindikali alisimama nyuma yake akisikiliza maji ya wafua mashuka.

"Njoo uone," mzee akasema.

Viini vyote vilikuwa vimeshika buluu. Katikati palikuwa na nyuzi changa na gegedu. Kusogea nje kidogo, gegedu ilikuwa inaliwa na mfupa mchanga. Pembeni kabisa mfupa ulikuwa umekomaa, na seli zinazoujenga zimejipanga juu yake mstari mmoja, kila moja mahali pake.

"Kansa haipangi foleni," mzee akasema. Akaandika: mfupa uliopasuka, unajiunga, hakuna saratani.

Mama Tindikali aliipeleka ripoti kwa miguu yake. Safari hii Chapchap aliisoma yote, akarudia. Kisha yeye mwenyewe, siyo nesi, akaenda kuichukua ile fomu kwa mama yake Kuruta. Alimkuta ameikunja mara nne ndani ya kanga. Mwanamke alikataa kuitoa, akasema ni ya kwake.

Barua ya onyo ilikuja wiki iliyofuata, kosa limeandikwa vizuri na tarehe. Mama Tindikali akaitia saini bila ubishi, kwa kuwa alistahili.

Baada ya miezi miwili Kuruta akatokea maabara kwa magongo, plasta mguuni. Chuoni walikuwa wamemtoa, alisema, kama alivyojua. Sasa anamsaidia mama yake kushona kwa mkono. Alitaka kuuona huo mfupa.

Mama Tindikali akamwekea slaidi, akamrekebishia hadubini. Binti akainama.

"Ndicho walichotaka kukata hiki?"

"Ndicho."

"Mbona kizuri hivi?" Akatazama na kutazama. Kisha, bila kuinua kichwa: "Nionyeshe na kile kingine. Ulichoharibu."

Angeweza kusema kimetupwa. Alifungua droo, akakitoa. Aibu ilimpanda upya, lakini alikiweka chini ya hadubini.

Kuruta alikitazama kwa muda mrefu kuliko cha kwanza. "Hapa sionekani," akasema.

"Huonekani, mwanangu. Nilikufuta."

Binti akainuka, akashika magongo yake. "Mama ameitunza ile fomu. Herufi tatu. Nikimwambia aichane, hataki." Akaisukuma slaidi ya waridi taratibu juu ya meza kumrudishia. "Na wewe hiki usikitupe."

Mama Tindikali alikirudisha kwenye droo ya juu, ile anayofungua kila siku kuchukua sindano.