Mishono ya Mama Sare

Jina la Mama Sare hakupewa na baba yake. Alipewa na mji mzima, kwa sababu katika mji ule mdogo hakuna mtoto aliyekanyaga shule bila kupitia mikononi mwake. Aliwashonea watu kaptula, akawashonea watoto wao, na sasa alikuwa amefika kwa wajukuu. Mtu akijitia ukubwa mbele yake, hata awe meneja wa benki, alimwambia, "Tulia, baba. Kiuno chako nakijua tangu kikiwa na inchi kumi na nane."

Mumewe alimfia mapema, akamwachia watoto watano na cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Mwingine angekaa chini alie. Yeye alilia huku anakanyaga. Watoto wakala, wakasoma, wakaoa na kuolewa. Wajukuu walipokuja likizo walilala mchana chini ya meza ya kukatia vitambaa, ndipo penye ubaridi, na bibi yao akakata juu huku akiwaimbia waliokuwa chini. Sasa alikuwa amepita miaka themanini na bado anakanyaga. Wa kumwambia apumzike alikuwa hajazaliwa.

Aliyebaki naye nyumbani ni binti yake wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda mpaka akaota mvi. Asubuhi aliuza kwenye duka la dawa, mchana alirudi kumtazama mama yake. Ndoa yake ilishavunjika na watoto wake walishajitegemea, kwa hiyo ndugu zake walisema kwa roho safi kabisa, "Afadhali Mama yuko na wewe." Wakishasema hivyo walirudi kwenye shughuli zao.

Mambo yalianza na kaptula moja. Kitinda aliikunjua aipige pasi kabla mwenyewe hajaijia, akaona mfuko umeshonwa mdomo. Mfuko mzima, kwa mshono mzuri tu, ila hauingii hata kidole. Akacheka peke yake. Mama alikuwa chumbani, kwenye usingizi wake wa mchana. Kitinda akachukua wembe, akafumua, akakaa kwenye cherehani akashona upya, maana hiyo kazi alifundishwa kabla hajajua kusoma. Akapiga pasi, akanyamaza. Ungekuwa wewe ungefanya vilevile, na mimi pia, kwa hiyo tusijifanye watakatifu.

Wiki iliyofuata ikaja sketi ambayo marinda yake nusu yamelala huku, nusu kule. Kisha shati lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Ikawa ndiyo kazi ya Kitinda kila mchana: Mama akilala, yeye anafumua na kushona. Siku moja mlio wa cherehani ukamwamsha mzee.

"Nani huyo anachezea mashine yangu?"

"Ni mimi, Mama. Naipaka mafuta."

"Jana mafuta, leo mafuta! Hiyo mashine si itateleza itoke nje?"

Wakacheka wote wawili, na Kitinda akajiona amefanya jambo la huruma. Wateja nao walimwaga sifa. "Mama Sare, mkono wako hauzeeki!" Mama alishusha macho kwa haya ya uongo, kisha akapokea kazi nyingine mbili. Kitinda alidhani anamfichia mama yake aibu. Kumbe alikuwa anamvisha kilemba cha ukoka, na kila siku anakikaza.

Kaka Mkubwa, fundi umeme wa mji wa jirani, ndiye aliyeshtuka kwanza. Alikuja kuwasalimia, akakaa kwenye kiti, na Mama akatoka chumbani akalikabili koti la mwanawe lililokuwa limetundikwa mlangoni. "Karibu ndani, mwanangu," akaliambia. "Mbona umesimama kama mdai?"

Kaka Mkubwa hakucheka. "Mama, mimi niko huku."

"Najua uko huko. Nilikuwa nakutania."

"Hospitali kubwa kuna daktari wa macho. Twende ukapimwe. Nitakuja kuwachukua mwenyewe."

Mama alikwenda kwenye rundo la nguo zilizokuwa tayari, akapapasa, akachomoa shati jeupe la shule na kumtupia mwanawe mapajani. "Tazama hiyo kola. Tazama tundu za vifungo. Huo ni mshono wa kipofu?"

Kaka Mkubwa aliligeuza shati ndani nje. Mshono ulikuwa umenyooka kabisa. "Haki ya Mungu," akasema, "hata mimi nisingeweza hivi." Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa amesimama na sinia la chai. "Kitinda, wewe ndiye unayeshinda naye. Unaonaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Lile shati Kitinda alikuwa amelimaliza jana yake, na kidole gumba bado kilimuuma kwa sindano. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini Mama alikuwa amesimama pale, kidevu juu, anang'aa kama bibi harusi.

"Yuko sawa," akasema. "Uzee tu, kaka. Kunywa chai, inapoa."

Kaka Mkubwa akanywa chai, akaondoka na moyo mweupe.

Mwaka ukapita na zaidi. Siku moja dukani mzee mmoja alikuja kuchukua dawa yake ya matone, na kwa kuwa hapakuwa na foleni, akaanza kusimulia. Ana presha ya macho, akasema. Ugonjwa mnafiki huo, hauumi. Unaanza kukula pembeni polepole, wewe unadhani ni uzee, na kilichokwisha kuliwa hakirudi hata waje madaktari wa dunia nzima. "Mimi wanangu waliniwahisha," akasema kwa fahari. Kitinda akamfungia dawa ya kikohozi, na mzee wa watu ikabidi arudi kuibadilisha.

Siku ile alirudi nyumbani amekata shauri kusema. Akamkuta Mama na mteja, mama mdogo mwenye mapacha, wanacheka mpaka wanafutana machozi. Akasema kesho. Kesho yake Mama alikuwa na mafua. Keshokutwa akapata habari ya kitukuu kipya, na nani angemharibia furaha? Uongo una udhuru kila siku. Ukweli ndio hukosa nafasi. Kitinda akaendelea kufumua, na kila uzi aliouvuta ulimvuta yeye roho. Mama alipomwombea dua kwa kumtunza, alitoka nje akajifanya anaanua nguo.

Hata hivyo aliendelea kushona. Hilo ndilo alilokuja kujichukia zaidi baadaye.

Mwisho ulikuja na birika. Mama alimimina chai ya moto pembeni ya kikombe, moja kwa moja kwenye mkono wake wa kushoto, akaruka. "Kikombe kimehama," akasema. Kitinda alimpaka dawa ya moto, akamfunga kitambaa. Kisha akaleta kutoka kwenye meza ya cherehani shati alilokuwa bado hajaligusa, akakaa karibu naye.

"Mama, papasa hapa."

Mama akapitisha kidole begani mwa shati. Kidole kikaenda, kikasimama, kikarudi nyuma. Mshono ulikuwa umeacha kitambaa ukaenda zake hewani, ukarudi mbele tena.

"Nani kaharibu kitambaa cha watu?"

"Wewe, Mama. Leo asubuhi."

"Usinitanie mimi, mtoto wewe."

"Sikutanii."

Mama alipapasa tena, mara hii kwa mkono mzima. "Na lile nililomwonyesha kaka yako?"

Kitinda akauchukua mkono wake wa kulia, akaupitisha kwenye kidole gumba chake kilichojaa alama za sindano. Kwa mama yake hilo lilitosha kuwa jibu.

"Na za hawa watoto wote wanaonisalimia njiani? Shikamoo bibi, asante bibi?"

"Nilizishona mimi. Nisamehe, Mama. Sikutaka uumie."

Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele, Kitinda angepata nafuu. Alilikunja lile shati vizuri, akaliweka magotini. "Kila asubuhi," akasema, "nilikuwa namshukuru Mungu kwa macho yangu. Kila asubuhi, Kitinda." Akapapasa meza, akaifuta chai iliyomwagika. Kisha akasema, "Mpigie kaka yako. Nipelekeni huko kwa daktari wenu."

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole, sawa na mjukuu wake. Alimweka Mama kidevu kwenye mashine, akamulika, akapima, akamulika tena. Kaka Mkubwa alisimama mlangoni anazungusha funguo za gari.

"Ni presha ya macho, bibi," daktari akasema. "La kulia limekwisha. La kushoto limebaki kama kidirisha kidogo katikati. Dawa itakilinda hicho kilichobaki, ila kilichopotea sitaweza kukirudisha."

"Nitashona?"

"Hapana, bibi. Pole sana."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Daktari akawageukia watoto. "Mngemleta mwaka juzi, macho yote mawili tungeyaokoa kwa kiasi kikubwa. Nyumbani hakuna aliyeona dalili?"

Kaka Mkubwa alimgeukia Kitinda. Kitinda akavuta pumzi. "Daktari, mimi ndiye..."

"Mimi ndiye mkaidi," Mama akamkatiza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwanyamazisha nayo walipokuwa watoto. "Waliniambia, nikakataa. Huyu binti alinisihi mchana kutwa, nikamfukuza na mkasi. Andika hivyo, mwanangu. Bibi alikuwa mbishi."

"Mama!" Kitinda akasema.

"Nyamaza. Mkubwa wako yuko hapa, na daktari ana wagonjwa wengine."

Walitoka hadi kwenye ukumbi wenye benchi refu, wakasubiri dawa. Kaka Mkubwa akamshika mdogo wake bega, macho mekundu. "Kumbe ulikuwa unahangaika naye peke yako na hutuambii. Asante, mdogo wangu. Bila wewe Mama angekuwa gizani kabisa."

Kitinda alisikia maneno yakimpanda kooni, yote, tangu ile kaptula ya kwanza. Akamtazama Mama. Mama alikuwa amesikia, na alikuwa anatabasamu, tabasamu la kumwambia mwanawe yamekwisha. Ila alilielekeza pembeni, kwenye ukuta mtupu, mahali alipodhani Kitinda amesimama.

Kitinda akayameza. Akasogea taratibu, viatu visilie, mpaka mbele ya lile tabasamu, akasimama hapo.