Taa za Gari la Mikate

Watu wa mtaani walilipachika gari lake jina la Chongo, na Mama Mikate mwenyewe alicheka nao siku za mwanzo. Gari lenye taa moja likitokea ndani ya ukungu wa alfajiri, utaliitaje tena? Lakini taa ya kushoto ilipowekewa balbu mpya ikafa baada ya siku chache, na ya kulia ikaifuata, kicheko kilimwisha mdomoni.

Kazi yake haikungoja jua. Mikate ilitoka tanurini jogoo hawajawika, na maduka ya upande wa pili wa kilima yaliitaka mapema, kabla watoto hawajaenda shule. Barabara ya kule ni nyembamba, kona juu ya kona, na upande mmoja ni bonde tupu.

Kwenye miti hakuna wajenzi. Ndani ya nyumba ileile alilala mtu aliyeendesha malori tangu ujana, mtu wa kusikiliza injini kwa mbali akakwambia inaumwa wapi. Huyo ndiye mumewe. Ila kiharusi kilikuwa kimempiga, kikampoozesha upande mmoja, kikamnyang'anya maneno yote na kumwachia moja tu: kesho. Akitaka maji, kesho. Akikataa uji, kesho. Hata akilia alilia na hilohilo.

Balbu nyingine ilipoungua, mkewe alimpelekea kitandani. Kioo chake kilikuwa kimeingia weusi kama sufuria ya kuni.

"Baba watoto, hebu iangalie hii. Juzi tu nimeiweka."

Mzee aliipokea kwa mkono ulio mzima, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake yaliamka. Akaiweka kifuani, akamtazama mkewe, akasugua kidole gumba kwenye kidole cha shahada.

"Kesho," alisema. "Kesho. Kesho."

"Nimeuziwa feki?"

Akatikisa kichwa.

"Waya?"

Akaendelea kusugua vidole.

"Mafuta? Nisiishike kwa mikono yenye mafuta?"

Mzee alifumba macho. Mkewe hakujua kama ile ilikuwa ndiyo au ni uchovu, akaamua kuichukua kama ndiyo. Mikono ya mwoka mikate ina siku gani isiyo na mafuta? Alinawa kwa sabuni mpaka viganja vikakakamaa, akaipachika balbu mpya kwa kitambaa safi bila kugusa kioo. Taa ikawaka, nyeupe, ikamulika ukuta wa jirani. Alirudi chumbani karibu anakimbia.

"Inawaka, baba watoto. Umesema kweli."

Mzee akasugua vidole tena, safari hii kwa nguvu, kisha akalipiga godoro.

"Sasa nini tena?"

"Kesho."

Mkewe aliketi ukingoni mwa kitanda, akaukamata ule mkono ili autulize. Ndipo alipoona kwamba ameuziba mdomo pekee aliobaki nao mumewe. Akauachia.

Balbu ile haikufika mbali. Iliungua kilimani, kwenye kona, wakati mwenzake wa kulia alikuwa ameshakufa tangu jana yake. Giza likamwangukia usoni. Alikanyaga breki, gari likaserereka likasimama, na nyuma trei zikaporomoka moja baada ya nyingine. Mtu mmoja akapita ubavuni mwa gari akikokota baiskeli, karibu mno.

"Mama, ungeniua," yule mtu alisema, bila hasira, kama anayemweleza habari.

Mama Mikate alibaki ameshika usukani mpaka kulipopambazuka, mikate imetapakaa miguuni pake.

Asubuhi hiyohiyo alilipeleka gari kwa fundi umeme. Fundi aliliwasha, akagusisha mita yake kwenye betri, akaguna.

"Altaneta inatoa umeme kupita kiasi, mama. Ni kama tanuri lako likikosa wa kulipunguza moto. Balbu itaacha kuungua? Hata maji ya betri yanachemka."

Akabadilisha kidude kinachozuia umeme usizidi. Mama Mikate akapeleka habari nyumbani.

"Ni altaneta, baba watoto. Ndiyo uliyokuwa unaniambia?"

Mzee akageuzia uso ukutani.

Taa zilikaa. Zilikaa mpaka akaanza kuzisahau, hadi alfajiri moja ya kushoto ilipopepesa mara mbili ikazimika, hata hajatoka uani. Fundi alipima upya. Alisafisha waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, akakaza taa zisitikisike, akabadilisha soketi zote mbili. Baada ya siku chache ikaungua ya kulia.

"Umeme uko sawa, mama, na balbu si feki," fundi alisema akijifuta mikono. "Sikufichi. Hapa nimegonga mwamba."

Tangu hapo Mama Mikate akawa hatoki mpaka jua lichomoze. Maduka ya kilimani yalimvumilia kidogo, halafu yakatafuta mwoka mwingine, na hakuyalaumu. Njaa ya mtoto haina subira. Saa ile aliyozoea kuwa barabarani sasa aliikalia chumbani, akimlisha mumewe uji kijiko kwa kijiko huku dirisha likipauka pole pole.

Asubuhi moja mzee alikikwepa kijiko. Akainua kichwa kutoka kwenye mto, akamkazia macho, midomo ikihangaika kutafuta umbo la neno.

"Kesho," alisema, na akangoja jibu.

"Ndiyo, baba watoto," mkewe alisema, akamfuta kidevu. Hakujua amekubali nini.