Vikopo Vinne, Tumbo Moja

Mama yangu ni fundi cherehani, na maisha yangu yote hajawahi kunishonea nguo iliyonitosha. Si kwamba hajui kupima. Wateja wanamfuata kutoka mitaa ya mbali kwa sababu gauni lake likikukaa, limekukaa. Mimi alinipima vizuri kama wengine, halafu akapunguza inchi mbili kiunoni kwa makusudi. "Likikubana utakumbuka," alisema. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili.

Mimi ni pacha. Mwenzangu alitangulia kutoka, mwembamba, na mpaka leo ni mwembamba, Mama akamwita Sindano. Mimi akaniita Pipa. Tulilala kitanda kimoja, tukala sufuria moja, lakini si sahani moja. Nyumbani kwetu anayepakua ni Mama, hakuna mwingine anayeruhusiwa kushika upawa. Sindano alipakuliwa kwenye sahani ya watu. Mimi nilikuwa na kisahani changu cha bati, cha bluu, saizi ile ambayo nyumba nyingine wanawekea kikombe. Nikiinuka na njaa, naambiwa nina uroho. Kabati la chakula lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwenye uzi shingoni mwa Mama, pamoja na futi yake ya kupimia.

Nilikua nikaondoka, nikarudi na binti. Sasa tunashona watatu kwenye chumba cha mbele, mimi, Mama na Sindano, sare za shule kwa wingi, na binti yangu akitoka darasani anapita kula nasi. Siku moja mchana nilimwona Mama akiinama chini ya kabati. Akatoa kile kisahani. Akakifuta kwa aproni, akaweka vijiko viwili vya wali, akamsogezea mtoto.

"Kula, Kipipa," akasema.

Hasira ilinipanda hadi nikaona sindano ya cherehani inashona kidole changu badala ya kola. Nilikinyonya kile kidole kwanza, ili nisitukane.

"Mama, usimwite hivyo. Na hicho kisahani kiondoe."

"Kwani nimesema uongo? Maji hufuata mkondo. Mama mroho, mtoto mroho. Mwangalie Mama Mkubwa wake, amekula sufuria hiyohiyo, mbona hajavimba?"

Binti yangu alikuwa ameshika kijiko hewani. Alikuwa ananiangalia mimi, anasubiri nimwambie kama yeye ni mroho. Nilimpakulia sahani yangu mwenyewe, lakini kesho yake kisahani kilirudi mezani, na kesho kutwa yake nilimkuta mtoto anakiendea mwenyewe, bila kutumwa. Hapo ndipo niliapa kwamba kisahani kile kitaishia kwangu.

Bahati ikaleta daktari mtafiti. Alikuwa anazunguka mtaani akitafuta familia zenye mapacha. Alikaa kwenye kiti cha wateja akatueleza kwamba tumboni mwa kila mtu mnaishi bakteria wasiohesabika, kwamba wengi wao wanatusaidia kuvunja chakula, na kwamba yeye anataka kujua damu inachangia nini: je, jeni tulizorithi kwa wazazi zinawakaribisha bakteria fulani na kuwafukuza wengine? Mate atachukua mwenyewe kwa pamba, ndiyo yatakayoonyesha jeni. Choo tutajaza wenyewe, kila mtu na kikopo chake.

Nilikubali kabla hajamaliza. Sitadanganya, sikujali sayansi. Nilitaka mtu mwenye koti jeupe aje amwambie Mama mbele yangu kwamba amekosea.

Mama alikataa. Halafu, ghafla, akakubali, tena kwa bidii. "Vikopo nileteeni mimi," akasema, "nitavipeleka kliniki mwenyewe. Nyinyi mtachelewesha." Tulimpa vikopo vyetu vimefungwa vizuri, akavitia kwenye mfuko, akatoka amenyooka kama anapeleka gauni la bibi harusi.

Daktari alirudi wakati wa chakula, sote tuko mezani, Mama kashika upawa. Hakukaa.

"Kuna jambo silielewi," alisema. "Mate yanasema mko watu wanne. Vikopo vinasema mko mtu mmoja. Bakteria ni walewale, kikopo hadi kikopo. Hata mapacha wa yai moja huwa wanafanana tu, hawafikii hapo. Na nyinyi si wa yai moja."

Halafu Sindano akaanza kuchezea uzi wa mkono wa blauzi yake, na mtu akichezea uzi mbele ya mafundi, ana lake.

"Mama aliniambia vyenu vimemwagika njiani," alisema. "Akanirudisha chooni."

"Mara tatu?" niliuliza.

"Zilikuwa siku ngumu," alisema Sindano.

Siku nyingine ningecheka. Nilimgeukia daktari nikamtaka aseme basi kwa maneno, kama vikopo vimeshindwa. Akasema wapo bakteria wanaoonekana zaidi kwa watu wembamba, na hao ni miongoni mwa wale ambao jeni zinachangia kuwepo kwao. Mapacha kama sisi tunaweza kurithi tofauti, mmoja hivi, mwingine vile. "Lakini ni sehemu tu," akaongeza. "Chakula kina nguvu, dawa zina nguvu, maradhi yana nguvu. Nisimdanganye mtu kwamba jeni zimeamua kila kitu."

Hata yeye alinikasirisha. Nilihitaji rungu, akanipa fimbo ya kuchungia mbuzi. Aliacha vikopo vipya vinne juu ya meza ya kukatia, akaaga.

"Mimi sitoi," Mama alisema mlango ulipofungwa.

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Hasira hasara, mwanangu. Kaa ule."

"Sikai. Kwa nini?"

Aliuvuta ule uzi wa shingoni, akaushika ufunguo kiganjani. "Wangeona."

"Wangeona nini?"

"Kwamba ni mimi. Kwamba unene umeutoa kwangu." Hakuniangalia, alikuwa anaangalia kisahani. "Kwetu niliitwa Gunia. Kwa ufunguo huu nilijifungia chakula mimi kwanza, kabla hamjazaliwa."

Najua mwanamke mwema angemwonea huruma. Mimi sikuweza. Kama alikuwa hajui, ningemsamehe ujinga. Lakini alikuwa anajua. Alijua kulala na njaa huku sufuria inanukia, alijua kubanwa na nguo mbele za watu, na akaviweka akiba vyote ili anirithishe mimi, halafu mtoto wangu.

"Ulijua," nilimwambia. "Miaka yote hii, Mama, ulikuwa unajua."

Niliunyakua upawa mkononi mwake, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuthubutu. Kisahani nilikiweka kwenye meza ya kukatia, nikamwagia vifungo vya sare ndani. Nikampakulia binti yangu sahani nzima. Kisha nikachukua sahani kubwa, ile ya wageni, nikaijaza wali na maharage hadi ukingoni, nikaibwaga mbele ya Mama.

"Kula."

Alikaa kidogo, mikono mapajani. Halafu akala. Alikula kwa adabu mwanzoni, kisha bila adabu, mpaka akafuta sahani kwa kidole.

"Bibi," binti yangu aliuliza, "umeshiba?"

Mama aliisogeza mbele ile sahani tupu.

"Bado," alisema.

Nilikuwa bado na hasira, na ninayo hadi leo. Nikachukua upawa nikampakulia tena.