Nguvu Namba Tisa

Fundi cherehani alilifanya kosa lile kwa mapenzi, na kosa la mapenzi ndilo gumu kulitubu. Mumewe mwashi alipooza mguu wa kulia kwa kiharusi, na kliniki ikawaazima vyuma vya kufunga mguuni, vyenye mota kwenye goti. "Wekeni namba tatu," mtaalamu wa viungo aliwaagiza. "Mashine imsaidie tu, kazi afanye mwenyewe."

Namba tatu ilimtoa mwashi jasho jembamba. Aliburuta mguu, akaguna, akazitukana kuta alizozijenga kwa mikono yake. Mkewe hakustahimili. Vitufe vilikuwa nyuma ya kiuno, mume asikoweza kuona. Akabonyeza hadi tano, wiki iliyofuata saba, kisha tisa. Kwenye tisa mwashi alitoka kitandani hadi jikoni kama bwana harusi.

"Umeona mambo hayo, mama watoto?"

Aliona, akacheka mpaka machozi.

Sasa zimebaki siku sita vyuma virudishwe, maana kuna mgonjwa mwingine anavisubiri. Kliniki walimbandika mwashi waya pajani, ili kila msuli unapojikaza mstari upande juu kwenye skrini. Akautembea ukumbi mzima, kifua mbele. Mstari ulilala chali.

Mtaalamu akachungulia nyuma ya kiuno. "Nani kaweka tisa?"

"Mimi," mke akajibu, kichwa chini.

"Mama, hapa ilikuwa inatembea mashine. Msuli ukibebwa kila hatua unaacha kujisumbua. Huu umeshanywea."

Hakumkaripia, na heri angemkaripia. Mbona yeye mwenyewe alilijua hilo? Tangu afungiwe mota kwenye cherehani, shavu la mguu lililokanyaga pedali miaka ishirini lilikuwa limekonda, na alilifanyia mzaha. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Huyu alimchelea mume.

Mtaalamu akashusha namba hadi mbili. Mwashi akajaribu kuinua mguu. Haukuja.

"Ongeza," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Mke wangu, nimesema ongeza!"

Mstari ukatikisika kidogo. "Hasira inauamsha," mtaalamu akamnong'oneza mke.

Mwashi akamgeukia mkewe, macho yamelowa. Hakuwahi kumtazama hivyo, hata siku walipomzika mtoto wao wa kwanza.

"Umenichoka, siyo?"

Ulimi wa mke ulitaka kusema hapana, na mkono ulikitaka kile kitufe. Akauficha mkono mfukoni, akaukunja ngumi.

"Ndiyo," akasema. "Nimekuchoka."

Mstari ukaruka. Mguu ukabanduka sakafuni, ukatua, ukabanduka tena. Mtaalamu alipiga makofi peke yake. Hatua ya tatu, ya nne, ya tano. Mwashi alikuwa akielekea mlangoni, wala hakugeuka nyuma.