Peking ya Protas

Mume wangu Protas hasemi Beijing. Mwaka huu wa tisini na tano, tangu ule mkutano wa wanawake, kila Mtanzania wa Brooklyn Park anasema Beijing; mke akichelewa kidogo kupakua, mume analalamika kwamba Beijing imeshaingia nyumbani. Protas peke yake anasema Peking, taratibu, kama anamung'unya pipi asiyotaka iishe.

Alisomea uhandisi huko miaka minne, kuanzia sabini na sita, mimi nikiwa Moshi na mimba ya Isack. Sikujali, mpaka Susan, Mtanzania mwenzetu, alipohamia New Hope, mji wa jirani. Yeye na Protas walisoma chuo kimoja huko. Jumamosi ya kwanza alipokuja kwetu kula pilau, alisema Peking, Protas akajibu Peking, wakacheka, mimi nikabaki nimeshika mwiko. Watu wawili tu katika Minnesota nzima, wana jina lao la mji. Nikajua kuna kitu walikiacha huko, na nilitaka kujua ni kitu au ni mtu.

Mimi nimenyanyua wagonjwa kwenye nyumba ya wazee miaka sita. Si mtu wa kulilia jikoni. Nikaenda maktaba, siku tatu mfululizo kabla ya shifti.

Jumamosi iliyofuata, sahani zimejaa, nikamgeukia Susan kwa tabasamu. Nikamweleza kwamba Peking ni jina la wageni: watu wa Ulaya wa zamani waliliandika kwa matamshi ya kusini, posta ikalishikilia, Waingereza wakalizoea. Wachina wenyewe wakataka liandikwe linavyotamkwa mjini kwenyewe, na tangu mwisho wa miaka ya sabini magazeti ya Kiingereza yakaanza kufuata.

"Kwa hiyo, wifi," nikamalizia, "nyie wa Peking mmechacha."

Susan alicheka kuliko wote. Akamenya ndizi, akasema hata wao darasani walisema Beijing. Kwa Kichina hakukuwa na Peking.

"Peking tuliiona kwenye bahasha zako, wifi. Kila mwezi, herufi kubwa, wino wa bluu. Huyu alikuwa hafungui mpaka alisome hilo neno kwa sauti. Bweni zima tukamwita Bwana Peking."

Nikamtazama Protas. Alikuwa anachunguza pilau lake kama ametafuna jiwe. Ni kweli, anwani ile aliniachia mwenyewe kwenye kikaratasi, kwa Kiingereza, nami niliinakili miaka minne nikiomba barua zisipotee.

Mwingine angetulia hapo.

"Na barua zenyewe?" nikauliza. "Nazo alizisoma kwa sauti?"

Susan akawa na shughuli kubwa na ganda la ndizi. Protas akaomba kachumbari.

Nikampa. Kisha nikavuta kiti changu, nikakaa katikati yao.